Kumwingiza Mbuzi wa Maziwa Katika Mashindano ya Maonyesho

 

Kila mwaka majira ya shoo yakifika, nawaona watu wamesimama nje ya ua wa mbuzi, mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine umeshika muwa, wakimtazama mbuzi aliyepewa utepe. Na lazima mmoja wao atasema: "Ah! Huyu? Mbona wangu wa nyumbani anampita!" Pengine ni kweli. Lakini huyo wa nyumbani yuko nyumbani, amefungwa nyuma ya jiko, na hakuna anayemjua ila wewe na majirani wawili wanaonunua maziwa. Basi leo nazungumza nawe uliyesema maneno hayo. Nataka mwaka ujao uwe ndani ya ua, umeshika kamba.

Najua utasema kwamba mashindano ni ya wakubwa. Zamani ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Chama cha Kilimo cha Kenya kilianzishwa mwaka 1901, na kwa miaka mingi wenye kuchukua vikombe walikuwa walowezi wenye mashamba makubwa, ilhali watu wetu waliingia uwanjani kushika kamba za mafahali wa wengine. Mbuzi wa maziwa amesaidia kuyabadilisha mambo hayo, maana ni mnyama wa mtu mwenye eka moja. Watu wa Meru waliletewa mbuzi aina ya Toggenburg katika miaka ya 1990, nao wa Nyeri na sehemu za jirani wakapata Alpine kutoka Ujerumani. Walikuwa ni wafugaji wa mbuzi wawili watatu, wakajiunga katika vikundi, wakanunua beberu wa shirika, wakaandikisha watoto. Leo ukiingia kwenye mabanda ya mbuzi utawakuta akina mama wenye gumbuti kama wewe.

Tena usidhani faida ni utepe tu. Utepe utautundika ukutani na moshi utaufanya mweusi. Faida ni kwamba mtu anayejua mbuzi, ambaye si jirani yako wala si shemeji yako, atamshika mbuzi wako kwa mikono yake, halafu atasema mbele ya watu kwa nini amemweka wa 1 au wa 6. Hukumu ya namna hiyo huipati nyumbani. Nyumbani kila mtu anamsifu mbuzi wako, hasa akitaka kukopa maziwa.

Haya, tuanze. Mwaka wa kwanza nenda bila mbuzi. Nunua tikiti, uingie asubuhi, usimame karibu na uwanja wa mbuzi mpaka mashindano yaishe. Usikimbilie kuangalia ngoma na matrekta. Wakati mbuzi wanazungushwa, wapange wewe mwenyewe kichwani mwako: huyu wa 1, huyu wa 2. Kisha sikiliza sababu anazotoa mwamuzi, uone mlipotofautiana. Baada ya mashindano msogelee mmoja wa wenye mbuzi, umwulize alivyofanya. Mwenye mbuzi aliyeshinda hupenda kuongea, na aliyeshindwa hupenda zaidi.

Sasa kuchagua mbuzi. Hapa ndipo wengi hukosea, maana humchagua yule aliyenenepa. Anang'aa, ana mgongo kama meza, na mwenyewe anajivuna. Mbuzi wa maziwa si mbuzi wa nyama choma! Aliye na nyama nyingi mabegani na mafuta kifuani anakula chakula chako na kukiweka mwilini mwake, si kwenye ndoo.

Chama cha Mbuzi wa Maziwa cha Marekani kina jedwali la alama 100 kwa mbuzi jike aliyekwisha kuzaa. Alama 35 ni za umbo kwa jumla, yaani mgongo, miguu, mabega na mwendo. Alama 20 ni za dalili za maziwa, 10 ni za nafasi ya kifua na tumbo, na 35 zilizobaki ni za kiwele peke yake. Waamuzi wa kwetu si lazima wafuate hesabu hiyo, lakini macho yao hupita njia ile ile, na wewe unaweza kuitumia bandani kwako.

Anza na kiwele. Simama nyuma ya mbuzi, uchutame. Kiwele kizuri kimeshikwa juu, kimepanuka vizuri kati ya mapaja, nusu mbili ziko sawa, na hakining'inii chini ya magoti ya nyuma. Mbuzi ambaye kiwele chake kinagonga miguu akitembea atakwaruzwa na miiba, na akizaa mara ya tatu hutaweza kuweka chombo chini yake. Chuchu ziwe mbili tu, zielekee chini, na ziwe za kiasi cha kushikika kwa mkono. Mbuzi mwenye chuchu ya ziada mwache nyumbani, tena umwangalie na binti yake, maana kasoro hii hurithiwa. Halafu mkamue, ukishike kiwele. Kikiwa laini kama mfuko mtupu, hayo ni maziwa yaliyotoka. Kikibaki kigumu kama nyama, basi ni nyama, au ni ugonjwa.

Dalili za maziwa ni shingo ndefu nyembamba, mbavu bapa zilizoachana kiasi cha kuingiza kidole katikati, mapaja yasiyojaa nyama, na ngozi laini inayovutika. Miguu ya nyuma ukiitazama kwa nyuma iwe imeachana na imenyooka. Magoti yakikaribiana hayaachii kiwele nafasi. Kifundo cha mguu juu ya kwato kiwe kimesimama, kisilale chini. Mfungue mdomo: meno ya chini yakutane na ufizi wa juu, kwa maana mbuzi mwenye taya lililozidi au lililopungua hukata majani kwa shida.

Kama mbuzi wako ni Toggenburg, rangi nayo huangaliwa: mwili wa kahawia, mistari miwili myeupe usoni, masikio meupe na miguu myeupe kuanzia magotini kwenda chini. Lakini rangi bila kiwele ni nguo ya arusi kwa mtu asiyeolewa.

Neno moja juu ya beberu, kwa kuwa watu wengi huenda shoo kununua beberu. Wengi hupenda beberu asiye na pembe, kwa kuwa hawaumizi watoto. Hakuna ubaya. Lakini katika mbuzi hawa waliotoka Ulaya, ukimpandisha jike aliyezaliwa bila pembe kwa beberu aliyezaliwa bila pembe, baadhi ya watoto watakaoonekana kama majike watakuwa si jike wala si dume, na hawatazaa kamwe. Kwa hiyo mmoja kati ya wazazi na awe wa asili ya pembe. Nasema asili, kwa sababu wengine huchomwa pembe wakiwa wadogo. Muulize mwenyewe kabla hujatoa pesa, kisha mpapase kichwani.

Tuje kwenye karatasi. Mbuzi asiye na karatasi hawezi kushindana katika vikundi vya damu safi, hata awe malkia. Andika tarehe ya kuzaliwa siku ile ile anayozaliwa, pamoja na jina au namba ya mama na ya beberu. Usiseme "alizaliwa wakati wa kupalilia mahindi." Uandikishaji wa ukoo wa mifugo hapa Kenya hufanywa na Kenya Stud Book, daftari lililoanzishwa mwaka 1920, na chama chenu cha wafugaji kitakuonyesha njia. Ukianza na mbuzi wa kienyeji ukampandisha kwa Toggenburg, mtoto ni nusu. Binti huyo akipandishwa tena kwa Toggenburg mwingine, mjukuu ana robo tatu, kisha saba kwa nane, kisha kumi na tano kwa kumi na sita. Hapo umevuka vizazi vinne, na karatasi ya kila kizazi lazima iwepo. Ikipotea ya katikati, umerudi nyuma.

Wengine hudanganya juu ya umri ili mbuzi mkubwa ashindane na wadogo. Mwamuzi atamfungua mdomo. Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote kwenye taya la chini. Anapokaribia au kupita mwaka mmoja, mawili ya katikati huota makubwa. Karibu miaka 2 yanakuwa manne, karibu miaka 3 sita, na karibu miaka 4 yote manane. Meno hayajui kusoma kitabu chako, lakini husema.

Kitabu cha mashindano, chenye vikundi na masharti, kiombe mapema katika ofisi ya shoo unayotaka kuingia. Ujaze fomu na kulipa ada kabla ya siku ya mwisho. Usingoje wiki ya shoo. Pia piga hesabu ya mimba. Mbuzi hubeba mimba kwa muda wa siku 150 hivi, na kiwele huwa kizuri kukionyesha kama wiki 6 au 8 baada ya kuzaa. Chukua mfano wa maonyesho ya Nairobi katika uwanja wa Jamhuri, ambayo kwa kawaida huwa mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Ukitaka mbuzi wako azae katikati ya Agosti, basi apandishwe katikati ya Machi. Kwa hiyo anayetaka kushindana Oktoba huanza kazi kabla ya mvua ya masika.

Sasa mafunzo. Mbuzi wako nyumbani anakufuata kwa sababu umeshika ndoo. Uwanjani huna ndoo, kuna bendi inapiga tarumbeta, kuna beberu wa mtu upande wa pili anayenuka mpaka mbinguni, na mbuzi wako hajawahi kuona watu zaidi ya kumi. Atalala chini, au atakuburuta kama gunia. Anza miezi miwili mbele. Mvalishe ukosi wa ngozi au wa kamba laini shingoni, juu kabisa karibu na taya, usimnyonge. Kila siku dakika 10, si zaidi, mtembeze taratibu, kichwa kimeinuka. Simama. Panga miguu yake: ya mbele imenyooka chini ya mabega, ya nyuma imeachana kidogo na kurudi nyuma kidogo. Mwache asimame hivyo wakati unahesabu mpaka 20, kisha msifu, endelea. Akikataa usimpige. Mbuzi aliyepigwa hukunja mgongo kila akuonapo, na mgongo uliokunjwa ndio mwamuzi atakaouona.

Mwite mtoto wa jirani aje kumpapasa mgongo, kiwele na mdomo, ili azoee mikono ya mgeni. Na kelele je? Chukua redio hii hii unayonisikilizia, itundike bandani jioni wakati wa taarabu au mpira. Baada ya wiki mbili hatashtuka tena.

Kwato zikate wiki mbili kabla ya kwenda, usingoje siku ya mwisho, maana kisu kikiteleza kikafika kwenye nyama atachechemea, na mbuzi anayechechemea anatolewa uwanjani. Siku moja kabla ya safari, jua likiwa kali, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, umkaushe vizuri. Punguza kwa mkasi nywele ndefu za kwenye kiwele na ndevu za kwato. Masikio yasafishe kwa kitambaa. Mambo haya ni mepesi, sina haja ya kuyarefusha.

Chakula ndicho kimewaua mbuzi wengi wazuri. Mtu anaona wiki tatu zimebaki, anaanza kumshindilia mahindi yaliyosagwa ili ang'ae. Tumbo la mbuzi ni shamba lenye vijidudu vyake. Ukibadilisha chakula ghafla vijidudu hivyo vinakufa, tumbo linakuwa chachu, mnyama anaharisha, anaweza hata kufa. Ukitaka kuongeza chakula cha nguvu, ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na majani makavu yasikosekane. Siku ya safari, chukua majani ya nyumbani ya kumtosha siku zote za shoo. Na maji pia. Wako mbuzi wasiogusa maji ya bomba ya mjini, na mbuzi asiyekunywa hana maziwa jioni. Mtungi mmoja wa maji ya nyumbani, ukiyachanganya kidogo kidogo na ya huko, utakuokoa.

Nifike sasa kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Mara ya kwanza nilipopeleka mbuzi wangu mwenyewe, nilisikia ushauri bandani kwamba mbuzi asikamuliwe, ili kiwele kijae kionekane kikubwa. Nikamkamua saa nane mchana, na mashindano yalikuwa saa nne asubuhi ya kesho yake. Saa 20. Usiku alisimama wima, hakulala, maziwa yakidondoka kwenye majani. Nilimwona, na nikajiambia ni kwa usiku mmoja tu. Uwanjani alitembea ametanua miguu, na mwamuzi alipomgusa akaruka. Akamweka wa mwisho, na kwenye kipaza sauti akasema kwamba kiwele kilichovimba hakimwambii kitu chochote kuhusu kiwele. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini aibu ilikuwa ndogo. Siku ya tatu nyumbani upande wa kushoto ulikuwa wa moto, maziwa yanatoka na mabonge. Daktari wa mifugo alikuja, tukatibu, mbuzi akapona, lakini upande ule haukurudi. Alizaa mapacha mwaka uliofuata na kuwanyonyesha kwa chuchu moja. Kila nilipomkamua nilimwomba radhi.

Basi fanya hivi. Mbuzi anayekamuliwa mara mbili kwa siku amezoea kukaa saa 12. Kama mashindano ni saa nne asubuhi, mkamue saa nne usiku, naye atakuja uwanjani kiwele kimejaa kwa haki. Ili asishtuke, anza wiki moja mbele kusogeza saa za kukamua nyumbani, nusu saa nusu saa. Mashindano yakicheleweshwa, na huchelewa kweli, usimwache akiumia; mkamue. Kiwele kizuri huonekana uzuri wake hata kikiwa hakijajaa, na mwamuzi anayejua kazi anajua hivyo.

Siku yenyewe vaa koti jeupe safi, na viatu vilivyofungwa. Uwanjani mnazunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa. Mbuzi awe kati yako na mwamuzi siku zote. Mwamuzi akivuka upande wa pili, nawe pita mbele ya kichwa cha mbuzi uhamie upande mwingine. Usimpe mwamuzi mgongo, wala usimpigie hadithi. Akikuuliza umri au tarehe ya kuzaa, jibu kwa maneno machache. Acha nafasi kwa mbuzi aliye mbele yako. Macho yako yawe kwa mbuzi na kwa mwamuzi, si kwa mashemeji waliokuja kukushangilia. Ukiwekwa wa mwisho, kaa hapo hapo usikilize. Ziandike sababu zile jioni kabla hujalala, maana hizo ndizo zitakuambia utafute beberu wa namna gani: kama amesema miguu ya nyuma imekaribiana, tafuta beberu ambaye mabinti zake wana miguu iliyoachana. Hao mabinti utawakuta pale pale, mabanda matatu kutoka lako. Nenda ukawaone kabla magari hayajaanza kupakia.

Sasa ugonjwa, na hapa usicheze. Mbuzi mia kutoka wilaya mbalimbali wakilala chini ya paa moja, kikohozi cha mmoja ni cha wote. Kabla ya kwenda, muone daktari wa mifugo akupe kibali cha kuhamisha mnyama, na muulize juu ya chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi na ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Sotoka hii iligunduliwa Turkana katika miaka ya 2006 na 2007, ikaua mbuzi na kondoo kwa maelfu, kwa hiyo si hadithi ya nchi za mbali. Chanjo haifanyi kazi siku ile ile. Ichanjwe majuma kadhaa mbele. Huko shoo usiazime ndoo wala kamba ya mtu.

Na ukirudi, usimfungulie mbuzi wako moja kwa moja kwa wenzake, hata kama watoto wanamlilia. Mtengee kibanda chake mbali na wengine kwa wiki 3. Wahudumie wa nyumbani kwanza, yeye mwisho, kisha unawe mikono na kuosha viatu. Mtazame kila asubuhi: anakula? Anakohoa? Pua na macho yanatoa uchafu? Anaharisha? Ukiona mojawapo, mwite daktari siku hiyo hiyo, usingoje soko la Jumamosi. Ikifika siku ya 22 naye ni mzima, mfungulie aingie bandani.